Rivyu: kusoma kesi za Mau Mau bure kwa simu, na vile mawakili wanaitumia historia

Mimi si wakili. Nafundisha historia sekondari, na kwa muda sasa burudani yangu ya jioni ni kusoma hukumu za mahakama kwa simu, najua inasikika kama adhabu lakini ngojeni kwanza. Leo nafanya rivyu ya hizi tovuti za kusoma hukumu bure, hasa BAILII ya Uingereza na Kenya Law ya hapa nyumbani, ila sitazipima vile wakili angezipima, kutafuta kifungu kunachukua sekunde ngapi hayo tuwaachie wenyewe. Swali langu ni moja: mtu anayependa historia akiingia humo anatoka na nini? Anatoka na ugomvi, tena mtamu. Watu wazima waliosomea sheria wanagombania miaka ya 1950 kama ndugu wanaogombania shamba la marehemu, na hakuna anayetaka shamba lote, kila mmoja anataka ile kona yenye kisima.

Bei ni sifuri. Hakuna kujisajili, hakuna namba ya simu, hakuna "jaribu siku saba bure halafu tukukate". Unachotumia ni bando lako. BAILII sura yake ni ya kizamani kabisa, maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe, hamna video inayojicheza yenyewe, na kwa sisi wa bando la usiku hiyo ni sifa si kasoro. Aya zote zina namba, kwa hiyo ukitaka kumbishia mtu unamwambia nenda aya fulani, biashara imeisha. Tangu Aprili 2022 hata Nyaraka za Taifa za Uingereza wanatoa hukumu bure kwa mlango wao wenyewe. Kenya Law nayo ni kazi ya chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya 1994, na humo hukumu za Mahakama Kuu, Rufaa na ya Juu zimejaa tele. Lugha sasa. Kila kitu Kiingereza, tena kile cha mahakamani chenye sentensi inayoanza leo na kumalizika kesho kutwa. Hapo natoa nusu nyota kwa wote, si kwa ubaya, lakini kesi inayohusu bibi wa Kiambu au mzee wa Machakos ilistahili walau muhtasari wa ukurasa mmoja kwa lugha ambayo wajukuu wao wataisoma bila kamusi.

Sasa bidhaa yenyewe. Kwenye BAILII tafuta Mutua dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje, 2011, namba EWHC 1913. Hii ndiyo ninampa kila mtu aanzie, na naipa nyota tano bila aibu.

Mnajua stori ya jumla. Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring anatangaza hali ya hatari, inaisha Januari 1960, katikati hapo kuna kambi za kizuizini, vijiji vya lazima, na watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu za mahakama. Kisha kimya kirefu. 2009 wazee watano kutoka Kenya wanaishtaki serikali ya Uingereza huko huko London, wakisema tuliteswa kambini na nyinyi mnahusika. Mmoja wao alifariki kabla mambo hayajafika mbali. Serikali haikungoja kesi isikilizwe, iliomba itupiliwe mbali mapema, na sababu waliyotoa ndiyo iliyonifanya niipende hii kitu. Walisema hivi: yaliyotendeka, kama yalitendeka, yalitendwa na serikali ya koloni la Kenya, ambayo kisheria ilikuwa kitu kingine tofauti na serikali ya London, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipopata uhuru madeni yote ya serikali hiyo yalihamia kwa serikali mpya. Kwa maneno mengine, wazee wangu, mmekosea mlango, nendeni mkaishtaki Nairobi.

Aki nilicheka. Yaani Kenyatta arithi bendera, reli, na makofi waliyopigwa watu wake. Lakini ukituliza moyo unaona ni hoja ya historia kabisa, wala si ya kijinga. Wamechukua historia ya katiba za koloni, mpangilio wa nani alimwajiri nani, nani alilipwa mshahara na hazina ipi, wakaijenga kuwa ukuta. Hakuna mahali wanasema mateso hayakuwepo. Wanasema tu hayakuwa yetu.

Mawakili wa wazee wangeweza kujibu kwa kilio. Hawakulia. Walienda kutafuta kamba inayotoka kambini mpaka London. Kamba ya kwanza ni jeshi: Jenerali Erskine alipokuja 1953 kuongoza vita, askari wa Uingereza waliokuwa chini yake walikuwa wa London, hawakuwa mali ya koloni, na yeye alipewa usemi pia juu ya polisi na askari wa akiba. Kamba ya pili ni ya 1957, ule mpango wa kuwavunja wafungwa wagumu kambi za Mwea, unachukua wachache wagumu unawachanganya na waliokwisha kukubali, halafu nguvu inatumika mpaka wasalimu amri. Mpango huo uliandikwa, ukaelezwa, ukapelekwa London ukakubaliwa. Na kwenye makaratasi hayo ndipo kuna Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa koloni, akimwandikia gavana Juni 1957 kwamba kama ni kutenda dhambi basi tutende kimya kimya. Mwanasheria Mkuu! Mtu wa sheria anaandika hiyo kitu kwa mkono wake na faili inafunguliwa inahifadhiwa vizuri.

Mimi nikifundisha ile barua naiuliza maswali ya mwalimu: huyu mtu alikuwa anaogopa nini, alikuwa anamjibu nani, wenzake walifikiri vipi, mbona lugha ya kanisani kwa jambo la polisi. Wakili hana muda na hayo. Wakili anaiuliza swali moja tu, je inafika London? Ikifika inaingia kwenye kifurushi cha ushahidi, isipofika hata iwe inatoa machozi inabaki nje. Nina shemeji yangu anafanya kazi hiyo Nakuru, nilimuuliza kwa nini wasimweleze jaji vita vyote tangu ardhi ilipochukuliwa, akaniambia, "Shem, nikimweleza vita vyote ataniuliza mteja wangu yuko wapi humo ndani." Nilikaa kimya kidogo maana ni kweli.

Angalia mfano wa idadi. Wanahistoria wamegombana miaka kuhusu waliowekwa kizuizini walikuwa wangapi, takwimu za serikali zilisema kama 80,000, Caroline Elkins akasema ni mara mbili ya hapo au zaidi, na kuhusu waliokufa ugomvi ni mkubwa zaidi. Kwa sisi hilo ndilo swali lenyewe. Fungua hukumu uone, jaji McCombe hakuhitaji kuchagua upande. Wadai ni wachache, kila mmoja ana mwili wake na kambi yake na mwaka wake. Ile namba kubwa iliyoandikiwa vitabu haikuwa na kazi pale. Kwa mwalimu wa historia hiyo inauma, lakini mawakili walijua wanachofanya.

Wanahistoria wenyewe wamo, na hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wangu wasome. Elkins, ambaye kitabu chake juu ya kambi hizo kilipata tuzo ya Pulitzer 2006, David Anderson wa upande wa mahakama za kunyonga, na Huw Bennett wa mambo ya jeshi, wote watatu waliandikia mahakama taarifa kwa ajili ya wadai. Anderson akasema kuna mafaili yaliyosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kabla ya uhuru na hayajawahi kuonekana. Presha ikapanda, mwaka 2011 serikali ikakubali kwamba kweli, yako Hanslope Park, kituo cha wizara huko Buckinghamshire, kama mafaili 1,500 ya Kenya kwenye masanduku 300. Na si Kenya peke yake, jumla yalikuwa kama 8,800 kutoka makoloni 37. Hebu fikiria. Miaka mingapi watu wameandika tasnifu za Malta, Cyprus, Malaya, Aden, na karatasi zimelala kwenye rafu zenye seng'enge. Hakuna profesa aliyezitoa kwa kuomba kwa adabu. Zilitoka kwa sababu kulikuwa na kesi, na kwenye kesi ukificha karatasi ukapatikana unaumia. Kwa hilo tu mimi nawasamehe mawakili dhambi nyingi.

McCombe tarehe 21 Julai 2011 akakataa kuitupa kesi. Hakusema wazee wameshinda, alisema kuna hoja ya kujibiwa. Kuna mahali anasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mfumo wa sheria unaokataa katakata ushahidi uliopatikana kwa mateso, itakuwa ajabu na pengine hata aibu ukikataa kusikiliza dai dhidi ya serikali yake yenyewe iliyoshindwa kuzuia mateso wakati uwezo ulikuwepo. Hapo naye anatumia historia, lakini ni historia nyingine, ile ya Waingereza kujisifu kwamba sheria yao ilikataa mateso tangu zamani. Amewashika kwa sifa zao wenyewe. Safi sana.

Baada ya hiyo nenda ya pili, ya tarehe 5 Oktoba 2012, namba EWHC 2678. Nyota nne na nusu. Hapa ugomvi ni wa muda. Kwa madai ya kuumizwa mwili sheria ya Uingereza inakupa miaka mitatu, ukichelewa jaji ana hiari ya kukuruhusu kama haki inaweza kutendeka. Sasa wazee wamechelewa miaka hamsini na kitu. Na Julai 2012 wakili wa serikali alisimama mahakamani akasema wazi kwamba serikali haibishi kuwa wadai hawa waliteswa mikononi mwa utawala wa koloni. Soma tena hiyo. Wanakubali yalitokea, halafu wanaomba kesi ife kwa sababu yalitokea zamani sana. Sijui kama nimewahi kuona mahali pengine ukweli ukikubaliwa na bado ukawa hautoshi.

Kwa hiyo mawakili wa wazee ikabidi walete historia ya aina nyingine ambayo hata sisi walimu tunairuka, historia ya kimya. Kwa nini hamkuja mapema? Kwa sababu Mau Mau ilikuwa chama kilichopigwa marufuku mpaka 2003. Si mpaka 1963, mpaka 2003! Kenyatta akapita, Moi akapita, marufuku ya mkoloni bado iko kwenye vitabu vyetu, mzee akitaka kukaa na wenzake wajadili kesi anavunja sheria ya nchi aliyoipigania. Na karatasi zilikuwa zimefichwa na huyo huyo anayelalamika mmechelewa. Ukisoma hiyo sehemu unaona vile wakili mzuri anageuza udhaifu wake kuwa silaha. Na jaji akaongeza lake: makaratasi ni mengi ajabu, watawala na makamanda wa jeshi walikuwa waandishi makini wa kumbukumbu, kwa hiyo kesi ya haki bado inawezekana kwa wadai watatu waliobaki. Yaani umakini wa karani wa mkoloni ndio uliowafungulia mlango. Mmoja kati ya watatu hao alikuwa kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa na tangazo la kwanza la serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji. Mambo ya Hola yalichunguzwa, yakapigiwa kelele bungeni London, kwa hiyo karatasi zake zipo, ziko na tarehe, ziko na sahihi.

Mnajua kilichofuata. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akasimama bungeni akasema serikali inasikitika kwa dhati, pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 pamoja na gharama za kesi, na mnara wa kumbukumbu ambao ulizinduliwa Uhuru Park Septemba 2015. Ukigawa hiyo hela kwa watu hao utaona si utajiri, na alisisitiza kwamba bado serikali haikubali kuwajibika kisheria. Lakini hiyo si sehemu ya rivyu.

Sehemu ya rivyu ni hii hapa, Kimathi dhidi ya wizara hiyo hiyo, 2018. Nyota tatu kama msomaji, tano kama mwanafunzi wa haya mambo. Ni mawakili wengine, na wadai zaidi ya 40,000, ndio, elfu arobaini. Vita ni vile vile, magavana ni wale wale na mafaili ya Hanslope sasa yako wazi. Kesi ikasikilizwa kwa zaidi ya siku 200 kuanzia Mei 2016. Na jaji Stewart akaikataa. Agosti 2018 aliamua kesi ya mdai mmoja wa mfano, na kufikia Novemba 2018 dai lote lilikuwa chini. Mashahidi wamekufa, karatasi za mtu mmoja mmoja hazipo au hazitoshi, kumbukumbu ya mtu wa miaka themanini juu ya kofi alilopigwa akiwa kijana haiwezi kupimwa vizuri, haki kwa upande wa pili haiwezekani tena. Na yale ya kabla ya Juni 1954 sheria yenyewe ilikuwa imeshayafunga kabisa, jaji hana hata hiari.

Nimeisoma nikiwa na hasira, nikaisoma tena hasira ikiwa imepungua, na maoni yangu ni haya. Kile kilichoiua ni upana. Kesi ya kwanza ilikuwa nyembamba kwa makusudi, watu wachache waliochaguliwa kwa uangalifu, kambi zinazojulikana, karatasi inayofika London. Ya pili ilijaribu kufanya kile ambacho historia inafanya vizuri na mahakama inafanya vibaya, kueleza yaliyowapata watu wengi. Mwanahistoria akiambiwa kwamba karibu kila familia ya eneo fulani ilihamishiwa kijiji cha lazima, hiyo inamtosha kuandika sura nzima. Mahakama inauliza, huyu mdai namba thelathini na nne, ni askari yupi, siku gani, na daktari alisema nini? Nadhani jaji hakuwa mkatili, alifanya kazi aliyopewa, ila naona pia alikuwa mgumu kuliko alivyohitajika, kwa sababu kama karatasi za kijiji hazipo mtu lazima aulize nani alizichoma. Tunajua kabla ya uhuru nyingine zilichomwa kwa maagizo. Ukichoma karatasi halafu ukafaidika na kukosekana kwake, hapo mimi mwalimu wa historia nabaki nimetoa macho.

Turudi nyumbani Kenya Law. Hapa unaona mahakama zetu zimejifunza kushughulika na muda kwa njia tofauti kidogo. Kuna ile ya 2010 ya walioteswa Nyayo House miaka ya themanini, walipewa fidia. Na kuna ya Mahakama ya Juu ya Januari 2023 ya wale akina mama waliokesha Uhuru Park 1992 wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, wakapigwa na polisi. Mahakama za chini ziliwaambia mmechelewa. Mahakama ya Juu ikasema kuchelewa kwao kunaelezeka, maana ungemshtaki nani, kwa mahakama ipi, nchi ikiwa vile ilivyokuwa. Ni hoja ile ile ya historia ya kimya, na mahali ni pale pale Freedom Corner, ile kona ya Uhuru Park ulipo mnara wa Mau Mau. Nilipoona hivyo nilitamani kuipeleka darasani kesho yake. Nyota nne na nusu, fupi pia, unaimaliza kwa matatu moja ya Thika kukiwa na jam.

BBI sasa, ule mpango wa kurekebisha katiba ya Kenya. Jamani. Kama una wikendi ndefu. Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu wanasema katiba ya 2010 ina msingi ambao bunge haliwezi kuugusa bila kurudi kwa wananchi kwa hatua zote, na wanafika hapo kwa kusimulia historia, vile katiba ya uhuru ilivyokatwa katwa, kifungu cha 2A kikaleta chama kimoja 1982, vile wananchi walivyopigania mpya, wakaikataa ile ya 2005, wakaikubali hii 2010. Mahakama ya Rufaa Agosti ikakubaliana nao kwenye hilo. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasoma historia hiyo hiyo, ile ile ya kukatwa katwa, ikasema ndio, ndiyo sababu walioandika 2010 waliweka kanuni ngumu za marekebisho ndani yake, kifungu cha 255 mpaka 257, dawa tayari imo, hatuhitaji ile nadharia ya msingi usioguswa iliyotoka India 1973. Jaji Ibrahim peke yake akabaki upande ule mwingine. Hakuna aliyedanganya kuhusu tarehe. Wote wana matukio sawa, wametofautiana tu hadithi inaishia wapi, inaishia kwa wananchi au inaishia kwa kifungu. Kwa darasa la kidato cha nne hakuna somo bora la tafsiri ya historia kuliko kuweka hizo hukumu mbili kando kando, ila usiwape nzima, za Rufaa pekee zinapita kurasa elfu moja na watakuchukia.

Watu wa Tanzania msijisikie mmesahauliwa, TanzLII ipo, na humo tafuteni kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani, Novemba 2000. Walishtakiwa uhaini dhidi ya serikali ya Zanzibar, na swali likawa, je uhaini unaweza kutendwa dhidi ya Zanzibar? Ili kujibu ikabidi mahakama irudi Aprili 1964, kwenye Hati za Muungano, iulize nini hasa kilizaliwa siku ile. Ikasema dola ni moja, Jamhuri ya Muungano. Hapo historia ya kurasa chache ilibeba shingo za watu kumi na nane. Na mkumbuke Wamasai 1913, walipoenda mahakamani na mkataba wa 1904 ulioahidi kudumu muda wote Wamasai watakapokuwepo, ambao Waingereza waliubadilisha 1911 wakawahamisha kutoka Laikipia, mahakama ikawaambia nyinyi si raia wa Uingereza, hiyo ni mikataba kati ya mataifa, mahakama haiigusi. Yaani wanapewa hadhi ya taifa kwa dakika moja ili wanyimwe haki. Kila nikiifundisha darasa linanyamaza halafu mtu mmoja nyuma anasema "hawa walikuwa wajanja sana", na sina la kuongeza.

Kuna wanaosema huku kugombania historia mahakamani ni ugonjwa wa Kiafrika au wa makoloni. Hapana. Wamarekani ndio baba zao. Ile kesi ya shule za ubaguzi, Brown, 1954, mahakama iliagiza pande zote zirudi na historia ya marekebisho ya katiba ya 1868, NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, wakaajiri wanahistoria, mmoja wao Alfred Kelly, na baadaye akakiri hadharani kwamba aliacha kuwa mwanahistoria akawa wakili asiye na leseni. Halafu mahakama ikasema historia yenyewe haitoi jibu la uhakika, ikaamua kwa sababu nyingine! Siku hizi wamezidi, tangu hukumu ya Bruen ya Mahakama yao ya Juu 2022 sheria ya bunduki lazima ifanane na desturi za zamani, kwa hiyo majaji wanachambua kanuni za baruti za karne ya 18 kuamua bastola ya leo, na 2024 kwenye kesi ya Rahimi ikabidi walegeze kidogo.

Kwa ujumla BAILII nyota nne na nusu, Kenya Law nne na nusu, TanzLII nne. Kama wewe ni mwalimu pakua hukumu ukiwa na waifai ya shule, chapisha aya kumi tu si zaidi, futa jina la aliyeshinda, wape watoto wakisie. Mwanafunzi wa sheria unasoma hii, nakuomba kitu kimoja, ukiandika "kihistoria" kwenye insha yako weka mwaka na jina la faili, hiyo "tangu jadi" inachosha. Anza na Mutua 2011, kisha 2012, ukimaliza hizo ndio uingie Kimathi, na kabla ya kuingia Kimathi chaji simu.